Mifereji ya hewa katika nyumba za jangwani: Lini kusafisha kunafaa, lini ni hasara

JIONI ya Julai 5, 2011, wakazi wa jiji la Phoenix katika jimbo la Arizona, Marekani, waliona ukuta wa vumbi ukiwajia kutoka kusini mashariki. Ukuta huo ulipanda angani zaidi ya mita 1,500 na kutanda kwa upana uliokaribia kilomita 160. Katika muda mfupi jiji lilifunikwa na giza, safari za ndege zikasitishwa na madereva wakalazimika kuegesha magari kando ya barabara.

Dhoruba ya aina hiyo huitwa habubu, neno la Kiarabu lenye maana ya kuvuma kwa upepo, ambalo lilipata umaarufu kutokana na dhoruba za Sudan, hasa zile za Khartoum. Phoenix hukumbwa na dhoruba za vumbi katika msimu wa mvua za kiangazi, ambao idara ya hali ya hewa ya huko huuhesabu kuanzia Juni 15 hadi Septemba 30.

Kila vumbi linapotulia, watu hufagia nyua, huosha magari na kupangusa madirisha. Hata hivyo, kuna sehemu moja ya nyumba isiyofikiwa na ufagio wala kitambaa. Hiyo ni mifereji ya hewa, yaani yale mabomba mapana yaliyofichwa juu ya dari ambayo husambaza hewa baridi kutoka kwa kiyoyozi hadi vyumbani.

Ni hapo ndipo lilipozuka swali ambalo limewagharimu wengi fedha nyingi: Je, mifereji hiyo inahitaji kusafishwa? Na iwapo inahitaji, ni lini, kwa njia gani na kwa bei gani?

Swali hilo si la Wamarekani pekee. Wakimbizi wa Congo wazungumzao Kiswahili ni miongoni mwa waliopewa makazi Arizona. Isitoshe, maelfu ya Wakenya wanafanya kazi katika nchi za Ghuba, ambako vumbi na viyoyozi ni sehemu ya maisha ya kila siku.

Jinsi mfumo unavyofanya kazi

Phoenix ni jiji lenye joto lisilo na mzaha. Kwa wastani, zaidi ya siku 100 kwa mwaka hufikia nyuzi 38 za Selsiasi au kupita hapo. Mnamo 2023 jiji hilo lilikaa siku 31 mfululizo, kuanzia Juni 30 hadi Julai 30, kila siku joto likifikia angalau nyuzi 43. Katika mazingira kama hayo kiyoyozi si anasa bali ni kinga ya uhai.

Nyumba nyingi za huko hazitumii kile kiyoyozi kidogo cha ukutani kinachofahamika na wakazi wa Mombasa. Zina mtambo mmoja mkubwa unaohudumia nyumba nzima. Feni ya mtambo huvuta hewa ya vyumbani kupitia mfereji wa kurejesha, huipitisha kwenye kichujio, kisha juu ya koili baridi, na hatimaye huisukuma kurudi vyumbani kupitia mifereji ya kusambaza.

Hewa hiyo hiyo huzunguka mara nyingi kwa siku. Kwa hivyo, lolote lililomo katika hewa ya nyumba, liwe vumbi, unyoya wa paka, chavua ya miti au moshi wa jikoni, hupita katika mfumo huo tena na tena.

Mifereji yenyewe huwa ya aina mbalimbali. Kuna ya bati tupu, kuna ya bati iliyotandikwa nyuzi za kioo kwa ndani ili kuzuia joto na kelele, na kuna ile laini inayopindika, iliyotengenezwa kwa plastiki iliyoviringishwa kwenye waya. Tofauti hizo si za kupuuzwa, kwani njia ya kusafisha inayofaa bati ngumu inaweza kuurarua mfereji laini.

Vumbi huingia kwa njia gani?

Watu wengi hudhani kwamba vumbi huingia kupitia milango na madirisha peke yake. Dhana hiyo ina ukweli nusu. Katika nyumba za jangwani, mlango mkubwa wa vumbi mara nyingi ni mifereji yenyewe, hasa ikiwa imelegea kwenye maungio.

Kwa kawaida mifereji ya nyumba za Phoenix hupitishwa darini, mahali ambapo wakati wa kiangazi joto linaweza kupita nyuzi 60. Dari hiyo hujaa vumbi lililopenya kupitia matundu ya kupitishia hewa ya paa, pamoja na mabaki ya vifaa vya kuzuia joto.

Mfereji wa kurejesha hewa ukiwa na ufa, feni hufyonza hewa hiyo moto na chafu moja kwa moja kutoka darini. Ufa ukiwa baada ya kichujio, vumbi hupita bila kizuizi na kuganda kwenye feni na koili.

Mfereji wa kusambaza ukiwa na ufa, athari yake huwa tofauti ingawa matokeo ni yale yale. Hewa baridi iliyolipiwa umeme humwagika darini. Kwa kuwa nyumba imepoteza hewa, msukumo wa ndani hushuka, na hewa ya nje yenye vumbi huvutwa ndani kupitia kila upenyo wa dirisha, soketi na kizingiti.

Mpango wa serikali ya Marekani wa kuhimiza matumizi bora ya nishati, Energy Star, hukadiria kwamba katika nyumba ya kawaida kati ya asilimia 20 na 30 ya hewa inayopita mifereji hupotea kwa sababu ya nyufa, matundu na maungio mabovu. Mwenye nyumba anayelipa fundi asafishe mifereji ya namna hiyo bila kuiziba ni sawa na anayeteka maji kwa pakacha.

Sayansi inasema nini?

Kinyume na matangazo ya biashara, ushahidi kwamba usafishaji wa mifereji huboresha afya ni haba. Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani, linalofahamika kwa kifupi kama EPA, limekuwa likiwapa wananchi mwongozo kuhusu suala hili tangu 1997. Msimamo wake ni kwamba haijawahi kuthibitishwa kuwa kusafisha mifereji ya hewa huzuia matatizo ya kiafya.

EPA hueleza kuwa sehemu kubwa ya uchafu uliomo katika mifereji hujishikiza kwenye kuta zake na si lazima urudi vyumbani. Aidha, mifereji ni chanzo kimoja tu kati ya vingi. Vumbi linaloletwa na viatu, shughuli za upishi, uvutaji wa sigara na hata kutembeatembea ndani ya nyumba huweza kuchafua hewa kuliko mifereji yenyewe.

Nchini Canada, shirika la serikali linaloshughulikia masuala ya makazi, CMHC, lilifikia hitimisho lisilotofautiana sana na hilo. Utafiti wake ulionyesha kwamba kwa kawaida usafishaji wa mifereji haubadilishi hewa inayopumuliwa na wakazi, wala haupunguzi kwa kiwango kikubwa gharama ya nishati.

Kwa upande mwingine, chama cha wafanyabiashara wa kazi hiyo nchini Marekani, NADCA, kilichoundwa 1989, hushauri mifumo ikaguliwe kila mwaka na kusafishwa pindi inapobainika kuwa michafu. Ikumbukwe kwamba wanachama wa chama hicho wana maslahi katika kazi hiyo. Hata hivyo, chama hicho ndicho kilichoweka kanuni zinazotumiwa kutenganisha kazi halisi na ubabaishaji.

Je, wakazi wa jangwani hawastahili kutengwa na kanuni ya jumla? Ni kweli kwamba vumbi lao ni jingi zaidi, na kwamba mifumo yao hufanya kazi kwa miezi mingi zaidi. Lakini hilo halimaanishi kuwa kila nyumba isafishwe kila mwaka. Maana yake ni kuwa kila nyumba ikaguliwe kwa makini zaidi, na uamuzi ufanywe kulingana na kile kilichoonekana kwa macho.

Hali tatu zisizopaswa kupuuzwa

EPA hutaja hali tatu ambazo zikibainika, mwenye nyumba anafaa kuzingatia kusafisha.

Ya kwanza ni kuvu nyingi inayoonekana ndani ya mifereji ya bati au kwenye sehemu nyingine za mtambo. Hapa tahadhari inahitajika, kwa sababu madoa mengi hufanana na kuvu ilhali ni uchafu wa kawaida. Ni maabara pekee inayoweza kuthibitisha. Ikiwa kuvu imeota kwenye nyuzi za kioo zilizotandikwa ndani ya mfereji, au ikiwa nyuzi hizo zimelowa, haziwezi kusafishwa ipasavyo. Dawa yake ni kuziondoa na kuweka mpya.

Ya pili ni wadudu au panya kuvamia mifereji. Mizoga, kinyesi na manyoya ya viumbe hao si vitu vya kuachwa katika njia ya hewa inayopumuliwa na watoto.

Ya tatu ni mifereji kuziba kwa wingi wa vumbi na takataka, au chembe kuonekana zikirushwa vyumbani kutoka kwenye matundu ya hewa. Baada ya habubu kubwa, au baada ya nyumba kufanyiwa ukarabati wa kukata vigae na kusugua kuta, hali hii inaweza kutokea.

Katika hali zote tatu kuna sharti moja: chanzo kiondolewe kwanza. Kuvu huletwa na unyevu, panya huletwa na tundu, na vumbi huletwa na ufa au kichujio kibovu. Kusafisha pasipo kuondoa chanzo ni kujiandalia gharama ya pili.

Ikiwa hakuna hata mmoja katika familia anayeugua mzio au maradhi yasiyoelezeka, na mifereji ikikaguliwa haionyeshi kuvu wala vumbi jingi, EPA hueleza kuwa pengine hakuna haja ya kusafisha. Vumbi jepesi kwenye vifuniko vya mfereji wa kurejesha hewa ni jambo la kawaida. Vifuniko hivyo huweza kufunguliwa na kuoshwa na mwenye nyumba mwenyewe.

Kazi halisi hufanywaje?

Msingi wa kazi iliyo sahihi ni kuufanya mfumo mzima uvute hewa kuelekea upande mmoja. Fundi huunganisha mashine kubwa ya kufyonza kwenye mfereji mkuu, kisha huziba matundu yote ya vyumbani isipokuwa lile analolishughulikia. Kwa njia hiyo uchafu unaobanduka hauwezi kutorokea chumbani.

Baada ya hapo huingiza burashi, au mipira yenye ncha zinazochapa kuta kwa nguvu ya hewa iliyobanwa, ili kulegeza vumbi lililoganda. Mifereji ya nyuzi za kioo na ile laini hushughulikiwa kwa burashi nyororo.

Ikiwa mashine ya kufyonza inatoa hewa yake ndani ya nyumba, sharti iwe na kichujio cha kiwango cha HEPA, chenye uwezo wa kunasa asilimia 99.97 ya chembe zenye ukubwa wa maikroni 0.3. Unywele mmoja wa binadamu una unene wa takriban maikroni 70. Mashine isiyo na kichujio cha aina hiyo huchukua vumbi la darini na kulimwaga sebuleni.

Kazi haiishii kwenye mifereji. Feni, koili, sinia la kukusanyia maji na bomba la kuyatolea ni lazima visafishwe pia. Sehemu hizo ndizo zenye madhara makubwa zaidi vumbi likijikusanya, kwa kuwa koili huwa na unyevu wakati wa kazi. Vumbi likikutana na unyevu huwa tope, na tope huzuia hewa kupita, hulazimisha mtambo kufanya kazi kupita kiasi, na huwa kitalu cha kuvu.

Mwishoni, matundu yaliyotobolewa ili kupitisha vifaa huzibwa barabara na kufunikwa. Mwenye nyumba anayo haki ya kuonyeshwa ndani ya mifereji kabla na baada ya kazi. Vumbi likiwa bado linaonekana, kazi haijakamilika.

Onyo moja ni la lazima. Katika baadhi ya nyumba za zamani mifereji ilifungwa kwa vifaa vyenye asbesto. Nyuzi za asbesto husababisha saratani zikivutwa mapafuni. Panapokuwa na shaka, hakuna anayepaswa kukwaruza wala kukata chochote kabla ya mtaalamu kupima.

Dawa za kuua viini

Baada ya kusafisha, mafundi wengi hupendekeza kunyunyiza dawa ya kuua viini au kemikali ya kugandisha vumbi. EPA hushauri hadhari. Utafiti kuhusu ufanisi na usalama wa dawa hizo ndani ya mifereji ni mdogo, na hakuna dawa iliyosajiliwa na shirika hilo kwa matumizi kwenye mifereji ya nyuzi za kioo.

Mgonjwa wa pumu anaweza kudhurika zaidi na harufu ya dawa kuliko vumbi lililokuwapo. Kwa hivyo, anayependekeza dawa anafaa kuulizwa jina lake, imesajiliwa kwa matumizi gani, na kwa nini uondoaji wa uchafu peke yake hautoshi.

Mitego ya matapeli

Palipo na hofu ya maradhi, walaghai hawakosi. EPA hukadiria kuwa kusafisha mfumo mmoja wa nyumba hugharimu kati ya dola 450 na 1,000, kutegemea ukubwa wa mfumo, urahisi wa kuufikia na wingi wa uchafu. Hata hivyo, simu na matangazo ya mtandaoni huahidi kufanya nyumba nzima kwa chini ya dola 100.

Mtego huwa wa namna moja. Fundi anafika na kifyonza vumbi kidogo, anafanya kazi kwa chini ya saa moja, kisha anatoa picha ya kuvu ya kutisha na kudai imetoka darini. Bei hupanda papo hapo. Mama mwenye mtoto anayekohoa usiku huona kuwa kukataa ni kumhatarisha mwanawe, naye hulipa.

Wageni nchini, ambao bado wanajifunza lugha na desturi, huwa mawindo mepesi. Vyote ving'aavyo si dhahabu, na mwenye kutaka kuepuka hasara anafaa kuzingatia mambo haya:

Kwanza, kampuni iwe na leseni. Arizona ni miongoni mwa majimbo ambayo EPA huyataja kuwa kufikia 1996 yaliwataka wasafishaji wa mifereji wawe na leseni maalumu.

Pili, makadirio ya bei yaandikwe kabla ya kazi, yakitaja kila sehemu itakayosafishwa.

Tatu, anayedai kwamba EPA imemwidhinisha ni mwongo, kwani shirika hilo haliidhinishi kampuni yoyote ya kusafisha mifereji.

Nne, anayeahidi kuponya pumu au mzio anauza ndoto.

Tano, madai ya kuvu yathibitishwe na maabara ambayo haina uhusiano na mwuzaji wa huduma.

Homa ya Bonde

Arizona ina sababu ya ziada ya kuliogopa vumbi. Katika udongo wa majangwa ya kusini magharibi mwa Marekani na kaskazini mwa Mexico huishi kuvu iitwayo Coccidioides. Ardhi inapochimbwa au upepo unapovuma, mbegu zake huruka hewani, na anayezivuta anaweza kupata maradhi yanayoitwa Homa ya Bonde.

Visa vingi mno vinavyoripotiwa Marekani hutoka Arizona na California. Wengi wanaoambukizwa hawaonyeshi dalili zozote. Wengine hupata homa, kikohozi, maumivu ya kifua na uchovu unaoweza kudumu kwa wiki au miezi. Wachache hupata hali mbaya ambapo maradhi husambaa hadi kwenye ngozi, mifupa au utando wa ubongo. Maradhi haya hayaambukizwi kutoka kwa mtu hadi mtu.

Mamlaka za afya za Marekani huorodhesha watu weusi, Wafilipino, wajawazito, wenye kisukari na wenye kinga dhaifu miongoni mwa walio katika hatari kubwa zaidi ya kupata hali kali. Kwa sababu hiyo, Mwafrika anayeishi huko na kukohoa kwa zaidi ya wiki moja bila nafuu anafaa kumwomba daktari ampime maradhi hayo. Dalili zake hufanana na za nimonia, na wagonjwa wengi hupewa dawa za bakteria zisizowasaidia.

Kuna wafanyabiashara ambao hutumia jina la maradhi hayo kuuza usafishaji wa mifereji. Ushauri wa mamlaka za afya huelekea kwingine: kuepuka vumbi la nje, kufunga madirisha wakati wa dhoruba, na kutumia vichujio vya hewa ndani ya nyumba.

Kichujio na ufa

Iwapo mwenye nyumba ana fedha chache za kutumia, mambo mawili yanastahili kutangulia usafishaji.

La kwanza ni kichujio. Nchini Marekani vichujio hupimwa kwa kipimo kinachoitwa MERV. Vile hafifu, ambavyo mtu anaweza kuona mwanga kupitia ndani yake, hunasa unyoya na vumbi kubwa pekee. Kichujio cha MERV 13 kinatakiwa kunasa angalau nusu ya chembe za kati ya maikroni 0.3 na 1, na angalau asilimia 85 ya zile za kati ya maikroni 1 na 3.

Lakini kichujio kizito huhitaji feni yenye nguvu. Mtambo wa zamani ukiwekewa kichujio kisichoufaa, hewa hupungua, koili huganda barafu na mashine huharibika. Fundi anafaa kuulizwa ni kiwango gani cha juu ambacho mtambo unaweza kuhimili.

Katika mazingira ya vumbi, kichujio kikaguliwe kila mwezi na mara tu baada ya dhoruba. Kiwekwe bila kuacha mwanya pembeni, kwani hewa hufuata njia nyepesi na kuacha kichujio kikiwa pambo.

La pili ni kuziba nyufa. Waswahili hunena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika suala la mifereji msemo huo una maana yake halisi. Maungio huzibwa kwa lahamu maalumu ya kupaka au kwa utepe wa metali. Utepe wa kawaida wa kitambaa haufai, kwani gundi yake hukauka na kubanduka kutokana na joto.

Wakati wa dhoruba yenyewe, milango na madirisha yafungwe, na kiyoyozi kinachovuta hewa ya nje kiwekwe katika hali ya kuzungusha hewa ya ndani pekee. Wenye vipoza vya maji, ambavyo hufanya kazi kwa kuvuta hewa ya nje kupitia matandiko yaliyolowa, ni heri wavizime hadi vumbi litulie.

Hali ilivyo Ghuba

Katika nchi za Ghuba adui ni upepo wa Shamali, unaovuma kutoka kaskazini magharibi na kubeba vumbi la Iraq na majirani zake. Katika majira ya kuchipua ya 2022, dhoruba zilizofuatana nchini Iraq ziliwapeleka maelfu ya watu hospitalini wakiwa na matatizo ya kupumua, na viwanja vya ndege vikafungwa kwa muda.

Kabla ya umeme, wakazi wa pwani hiyo walijenga minara ya upepo juu ya nyumba zao. Baadhi ya minara hiyo ingalipo katika mtaa wa Al Fahidi, Dubai, uliojengwa na wafanyabiashara waliotoka Uajemi. Mnara huo ulikuwa mfereji wa hewa wa siku zile, na ulikuwa na sifa moja ambayo mifereji ya leo haina: mtu aliweza kuuona ndani na kuufagia.

Tofauti kubwa kati ya Phoenix na miji kama Muscat, Dubai na Doha ni unyevu. Jangwa la Arizona ni kavu kwa sehemu kubwa ya mwaka, ilhali miji ya pwani ya Ghuba hujaa mvuke wa bahari wakati wa kiangazi. Mfereji baridi usiofunikwa vyema hutokwa na majasho, na vumbi lililolowa huotesha kuvu. Kwa hivyo, huko ukaguzi wa kuvu na wa sinia la maji ni muhimu kuliko hata ule wa vumbi.

Muscat ina jamii kubwa ya wazungumzaji wa Kiswahili, wengi wao wakiwa wenye asili ya Zanzibar. Nao Wakenya walioko Saudi Arabia, Qatar na Milki za Kiarabu ni pamoja na wafanyakazi wa nyumbani, ambao ndio hukabidhiwa ufagio na ngazi.

Ni muhimu wafanyakazi hao kufahamu mpaka wa kazi hii. Kupangusa vifuniko vya matundu ya hewa na kuosha kichujio kinachooshwa ni kazi ya kawaida ya nyumbani. Kupanda darini kwenye joto kali, kufungua mtambo wenye umeme, au kukwangua nyuzi za kioo na kuvu bila barakoa si kazi ya nyumbani. Ni kazi ya fundi aliyefunzwa na mwenye vifaa.

Anayelazimika kushughulikia vumbi jingi anafaa kuzima umeme kwanza, avae barakoa ya aina ya N95 na glavu, na atumie kitambaa chenye maji badala ya ufagio mkavu. Barakoa ya kitambaa haizuii chembe ndogo kabisa, ambazo ndizo zinazofika ndani ya mapafu.

Funzo kwa wa nyumbani

Nchini Kenya, nyumba zenye mifereji ya hewa ni chache. Zaidi ni maofisi, mahoteli na hospitali za mijini. Wakazi wa Turkana na Marsabit, ambako upepo wa jangwa la Chalbi huvuma, hupambana na vumbi bila kiyoyozi chochote. Kwa walio na viyoyozi vya ukutani huko Mombasa na kwingineko, kanuni ni ile ile kwa udogo wake: kichujio kioshwe mara kwa mara, koili isafishwe na fundi, na bomba la maji lisiachwe kuziba.

Kwa jumla, mifereji ya hewa katika nyumba ya jangwani inafaa kutazamwa kama kisima. Kisima hakichotwi tope kila siku kwa sababu tu jirani amefanya hivyo. Hukaguliwa, hufunikwa, na huchotwa tope pale linapoonekana. Anayeanza kwa kuziba nyufa na kubadilisha kichujio huenda asimhitaji msafishaji kwa miaka mingi. Na siku atakapomhitaji, atajua amwonyeshe wapi, amlipe kwa kazi gani, na amfukuze kwa uongo upi.